Kikundi cha wanawake vijana chini ya utawala wa mabavu: tujisajili au tubaki bila usajili?

Mkesha (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nina swali ambalo limekigawa kikundi chetu, na ningependa kusikia kutoka kwa wale waliofanya kazi katika asasi za kiraia mahali ambapo serikali haivumilii kukosolewa.

Sisi ni wanawake vijana. Tunawasindikiza wanawake waliofanyiwa ukatili wa kijinsia wakiwa mikononi mwa vyombo vya dola, wengi wao baada ya kukamatwa kwenye maandamano. Tunampeleka mhusika kwa daktari mapema kabla alama hazijafutika, tunaandika maelezo yake kwa ridhaa yake, tunamtafutia wakili, na tunakaa naye katika zile wiki ambazo ndugu zake wenyewe humshauri anyamaze. Hatuna ofisi wala akaunti ya benki ya kikundi; kinachotuendesha ni michango yetu na ya watu wachache wanaotufahamu.

Sasa imekuja sheria inayotaka kila kikundi chenye jina la pamoja kijisajili, kiwasilishe majina na anwani za wanachama wake, kitangaze kila fedha itokayo nje ya nchi na kikubali kukaguliwa wakati wowote. Baadhi yetu wanasema tujisajili ili tusihesabiwe kuwa wahalifu na ili tuweze kuomba ruzuku, kwa sababu uchovu na ukata vinatumaliza. Wengine wanasema orodha ile ya majina ndiyo hasa inayotafutwa, na kwamba anayeikabidhi anawakabidhi wenzake.

Liko na jambo la pili, ambalo kwangu linauma zaidi. Tumo katika muungano wa vijana unaodai uchaguzi huru na kuachiwa kwa wafungwa wa kisiasa. Katika kikao cha mwisho tuliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba suala la ukatili wa kijinsia litawagawa watu na kuwakimbiza viongozi wa dini, kwa hiyo liwekwe kando hadi utawala huu utakapoondoka. Aliyesema hivyo ni kijana ninayemheshimu, na amewahi kufungwa kwa ajili ya msimamo wake. Tumjibu nini?

WakiliMkongwe

Dada Mkesha, nitajibu swali la kwanza tu, kwa kuwa ndilo nililolishughulikia kwa muda mrefu.

Watu hulichukulia suala la usajili kana kwamba upande mmoja una usalama na mwingine una hatari, lakini mambo yaliyotokea katika nchi mbalimbali hayaonyeshi hivyo. Mwaka 2009 Ethiopia ilipitisha sheria ya asasi iliyosema kwamba shirika linalopata zaidi ya asilimia 10 ya fedha zake kutoka nje haliruhusiwi kushughulikia haki za binadamu wala usawa wa kijinsia. Chama cha Wanasheria Wanawake wa Ethiopia kilikuwa kimesajiliwa, kina ofisi na mawakili, na kilikuwa kimewasaidia maelfu ya wanawake kupata haki zao mahakamani. Baada ya sheria hiyo akaunti zake zilizuiwa na wafanyakazi wake wengi wakapunguzwa. Angalieni jinsi kazi ile ilivyovunjwa: haikuhitajika bunduki wala kesi ya uhaini, ilitosha kanuni ya asilimia na barua kwenda benki. Ilichukua miaka 10, hadi 2019, sheria hiyo kubadilishwa.

Nchini Misri, shirika la utafiti wa kifeministi la Nazra lilifanya kazi kwa uwazi kwa miaka kadhaa. Mwanzilishi wake, Mozn Hassan, alizuiwa kusafiri mwaka 2016, na Januari 2017 mahakama ikazuia mali zake pamoja na za shirika, kutokana na kesi ya fedha za kigeni iliyokuwa imefunguliwa tangu 2011. Nchini Urusi, sheria ya 2012 ya "mawakala wa kigeni", jina wanalobandikwa wanaopokea fedha za nje, iliwafikia hata wanaowasaidia wanawake wanaopigwa majumbani: kituo cha Nasiliu.net kilibandikwa jina hilo mwishoni mwa 2020. Nikaragua ilifuta asasi 1,500 kwa siku moja mwezi Agosti 2024. Zote hizo zilikuwa na vyeti.

Hata hivyo, msihitimishe kwamba kukosa cheti ni kinga. Shirika la haki za binadamu la Viasna nchini Belarus lilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 2003, likaendelea kufanya kazi bila usajili. Kwa kuwa halikuweza kuwa na akaunti yake, fedha za kazi zilipitia akaunti za mwenyekiti wake, Ales Bialiatski, katika nchi jirani. Mwaka 2011 nchi hizo, Lithuania na Poland, zilitoa taarifa za akaunti hizo kwa serikali ya Belarus, naye akahukumiwa miaka minne na nusu kwa kukwepa kodi. Fedha za wengi zilizokaa katika jina la mtu mmoja zilimfanya aonekane mwizi mbele ya umma. Hili nawasihi mlitazame leo hii: kama michango yenu inaingia katika simu au akaunti ya mweka hazina mmoja, basi mmeshamweka mtu huyo mahali pa hatari, na pengine yeye mwenyewe hajalifikiria.

Ushauri wangu ni kuacha kuuliza kama kikundi kijisajili, na badala yake muulize kila kazi yenu inaweza kukaa wapi kihalali. Uchunguzi wa mwili ni kazi ya daktari, na daktari ana wajibu wa kutunza siri za mgonjwa. Maelezo ya mwathirika ni sehemu ya jalada la wakili, nalo lina ulinzi wa mawasiliano kati ya wakili na mteja. Utawala wa mabavu unaweza kuuvunja ulinzi huo, lakini ukiuvunja utalazimika kukivunja pia chama cha mawakili, na hapo mtapata watetezi ambao leo hamnao. Kusindikiza, kukaa na mtu, kupika chakula chake na kumpigia simu usiku, hayo hayahitaji jina la kikundi. Hakuna sheria niijuayo inayomtaka rafiki ajisajili.

UpandeWaPili

Namheshimu mzee wangu WakiliMkongwe, na ninakubaliana naye kuhusu fedha. Ila kuna jambo ambalo wanaopinga usajili hulipita haraka mno. Kikundi kisicho na usajili hakiwezi kuajiri, na kisichoweza kuajiri hubaki na wale wanaomudu kufanya kazi bila ujira. Baada ya muda, msichana anayetegemewa na wadogo zake anaondoka, anabaki yule ambaye wazazi wake wanaweza kumlipia kodi ya nyumba. Nimeona kikundi kizuri kikigeuka hivyo bila yeyote kukusudia, na mwishowe waliokuwa wakiamua mambo ya wanawake maskini walikuwa watu ambao hawajawahi kulala njaa.

Kwa hiyo kama mtaamua kutojisajili, amueni pia nani atalipwa posho, kutoka wapi, na kwa utaratibu upi ulioandikwa. Ridhaa ya kufanya kazi bure si jambo la kudhaniwa, hasa kwa wanawake, ambao tangu utotoni wamezoeshwa kwamba jasho lao halina bei.

Kumbukumbu

Dada yangu Mkesha, mimi nitalishika swali la pili, kwa sababu jibu la kijana huyo lina historia ndefu na historia hiyo haimuungi mkono.

Wanawake wa Algeria walipigana katika vita vya ukombozi, walibeba mabomu, waliteswa magerezani. Uhuru ulipatikana 1962. Mwaka 1984 bunge la nchi hiyo huru lilipitisha Sheria ya Familia iliyomtaka mwanamke awe na mlezi wa kiume ili aolewe na iliyoruhusu mume kuoa wake wengi. Wanawake waliopigania uhuru walikuwa miongoni mwa walioandamana kuipinga. Nchini Iran, tarehe 8 Machi 1979, wiki chache tu baada ya mfalme kuondoka, maelfu ya wanawake waliingia barabarani Tehran kupinga amri ya kuvaa hijabu maofisini. Wengi wa wanaume waliopindua utawala wa zamani pamoja nao, wakiwamo wa mrengo wa kushoto, hawakusimama nao. Waliona kwamba wakati wake haujafika. Tunajua ilichukua miaka mingapi kabla ya taifa zima kulitamka suala hilo kwa sauti moja, mwezi Septemba 2022, baada ya msichana wa Kikurdi, Mahsa Amini, kufia mikononi mwa polisi wa maadili. Kaulimbiu iliyoenea mwaka huo, "Mwanamke, Uhai, Uhuru", ilitoka katika harakati za wanawake wa Kikurdi, ambao walikuwa wakiitumia zamani kabla ya nchi nzima kuihitaji.

Sudani nayo inatufundisha pande zote mbili. Wanawake walijaa katika maandamano yaliyoanza Desemba 2018, na sababu yao haikuwa bei ya mkate peke yake: kwa miongo walikuwa wameishi chini ya sheria za utaratibu wa umma zilizomwezesha askari kumkamata mwanamke na kumfikisha kwenye viboko kwa kuvaa suruali. Rais Omar al-Bashir aliondolewa tarehe 11 Aprili 2019. Mwezi Agosti lilipoundwa Baraza Kuu la mpito lenye watu 11, wanawake walikuwa wawili tu. Lakini kwa sababu hawakuwa wamenyamaza, Novemba mwaka huohuo sheria za utaratibu wa umma zilifutwa. Sidhani zingefutwa mapema vile kama madai hayo yangesubirishwa hadi baada ya ushindi.

Nataka mlitazame kwa karibu jambo moja la Sudani, kwa kuwa linafanana na kazi yenu. Kulikuwa na kundi la Facebook la wanawake watupu, ambamo wasichana walikuwa wakiulizana habari za wanaume wanaotaka kuwachumbia: huyu ana mke kwingine, huyu tabia yake ni hivi. Maandamano yalipoanza, wanawake walewale walianza kuweka humo picha za maofisa wa usalama waliopiga na kudhalilisha watu, na katika muda mfupi mtu angejitokeza akasema anamjua, anakaa mtaa fulani, amesoma shule fulani. Iliripotiwa kwamba maofisa wakaanza kuficha nyuso zao. Dola ilikuwa imejiandaa kwa vyama vya siasa na vyama vya wafanyakazi, lakini haikuwahi kulihesabu kundi la wachumba kuwa asasi ya kiraia.

Kwa hiyo kijana huyo mwambieni hivi, na mseme kwa upole uleule aliotumia yeye: ukatili wa kijinsia katika mahabusu ni silaha ya utawala anaoupinga. Machi 2011, wiki chache baada ya Rais Hosni Mubarak kuondoka, jeshi la Misri liliwakamata waandamanaji wanawake na kuwafanyia kile lilichokiita vipimo vya ubikira. Lengo lilikuwa kuwarudisha wote nyumbani kwa aibu. Samira Ibrahim alikwenda mahakamani, na Desemba mwaka huo mahakama ya utawala ikaamua kwamba vitendo hivyo ni haramu. Daktari wa kijeshi aliyeshtakiwa aliachiwa huru Machi 2012, lakini hukumu ile ya Desemba ilibaki kwenye kumbukumbu. Muungano unaodai kuachiwa kwa wafungwa wa kisiasa na hauzungumzii wanachofanyiwa wafungwa wanawake unatetea nusu ya wafungwa wake.

Nchini Chile, mwaka 1983, chini ya udikteta wa kijeshi wa Augusto Pinochet, wanawake walibeba dai la "demokrasia nchini na nyumbani". Hawakuona kwamba moja litangulie na jingine lifuate.

SindanoNaUzi

Nawashukuru waliotangulia. Mwanangu Mkesha, mimi ni mtu mzima kidogo kuliko ninyi, na nitasema machache kuhusu namna mtakavyoshambuliwa, kwa sababu hamtashambuliwa kama wanavyoshambuliwa wanaume wa muungano wenu.

Harakati nyingi za wanawake chini ya udikteta zilipata kivuli chini ya jina la mama. Tarehe 30 Aprili 1977 kina mama 14 walikwenda uwanja wa Plaza de Mayo, Buenos Aires, Argentina, kuuliza watoto wao waliotoweka chini ya utawala wa kijeshi wako wapi. Sheria ya hali ya hatari ilikataza watu kusimama pamoja, polisi wakawaamuru watembee, nao wakatembea, wawili wawili, kuzunguka mnara wa katikati, wakafanya hivyo wiki baada ya wiki. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa wa Kenya walianza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru, Nairobi, pamoja na Wangari Maathai. Polisi walipowavamia tarehe 3 Machi, baadhi yao walivua nguo mbele ya askari, kitendo ambacho kila aliyekuwapo alijua uzito wake. Wakahamia kanisani na kuendelea, na mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote walikuwa wameachiwa.

Ninyi hamna kivuli hicho. Msichana asiye na mume wala mtoto, anayesema juu ya mwili kwa jina lake mwenyewe, ataitwa malaya kabla hajaitwa msaliti, na wataletwa wazazi wake kusikiliza. Jiandaeni kwa hilo mapema: kila mmoja azungumze na mtu mmoja wa nyumbani kwake anayemwamini, amweleze kazi hii kwa maneno yake mwenyewe, ili siku picha ya uongo itakapotumwa kwenye simu ya baba yake, awepo mtu ndani ya nyumba atakayesema, "Mimi ninaijua habari hii."

Kuhusu kupandikiziwa watu: akina mama wa Buenos Aires waliingiliwa na ofisa wa jeshi la wanamaji, Alfredo Astiz, aliyejifanya kaka wa mtu aliyetoweka. Alikuwa kijana mpole, nao walimwonea huruma. Desemba 1977 watu kadhaa wa kundi lile walitekwa, akiwamo Azucena Villaflor, mwanzilishi wao, na hakurudi. Sisemi mmshuku kila mgeni, maana vikundi vingi hufa kwa shuku kabla makachero hawajahitajika. Ninachosema ni kwamba mgeni asikabidhiwe kitu ambacho hakihitaji kwa kazi yake. Mwenye kusindikiza hahitaji kusoma maelezo; mwenye kuandika maelezo hahitaji kujua mwathirika amelala nyumba gani. Jina la mwathirika na maelezo yake visikae katika daftari moja wala simu moja. Na mwathirika aulizwe ridhaa tena kila maelezo yake yanapotaka kutumika mahali papya, kwa sababu aliyekubali mwezi ule akiwa na hasira huenda leo anaogopa, na ana haki ya kuogopa.

La mwisho ni gumu. Hakikisheni mna utaratibu wa kushughulikia ukatili unaofanywa na wanaume wa muungano wenyewe, na uwepo kabla tukio halijatokea. Mahali ambapo jambo hilo hufichwa kwa jina la mapambano, wasichana huondoka kimyakimya, na watu wa usalama hulijua na kulitumia. Nadhani kikao kile mlichoambiwa msubiri ndicho kikao cha kuuliza swali hili.

Mkesha

Shikamoo mama SindanoNaUzi, na asanteni nyote. Nimesoma majibu haya mbele ya wenzangu wawili na tumenyamaza muda mrefu kwenye lile la mweka hazina, kwa sababu ndivyo tulivyo hasa. Hilo la fedha tutalibadilisha kwanza, hata kabla ya kukubaliana juu ya usajili. Kwa muungano tutapeleka dai moja lililoandikwa: kila tamko kuhusu wafungwa litaje hali ya wafungwa wanawake, na uwepo utaratibu wa malalamiko ya ndani, la sivyo hatutaweka jina letu.

WakiliMkongwe, nina swali moja. Maelezo tuliyokwisha kuyakusanya yako kwenye daftari na simu zetu. Je, tukimpelekea wakili leo yanapata ulinzi uliousema, au ulinzi huo ni kwa yale yatakayoandikwa mbele yake tu?

WakiliMkongwe

Dada Mkesha, mpango unaofaa ni kila mwathirika aende mwenyewe kwa wakili, awe mteja wake, na atoe maelezo upya mbele yake. Hayo ndiyo yenye ulinzi kamili. Daftari lililoandikwa na mtu mwingine na kupelekwa baadaye linaweza kubishaniwa, na katika nchi nyingi hati iliyokuwapo kabla haipati ulinzi kwa kukabidhiwa wakili tu. Anzeni na wale ambao kesi zao zina vyeti vya daktari, kwa sababu tarehe ya uchunguzi ndiyo itakayopigwa vita mahakamani. Kwa wasiotaka kwenda kwa wakili, waulizeni kama wanataka maelezo yao yaendelee kuwapo, na anayesema hapana, karatasi yake arudishiwe mkononi mwake. Fanyeni hivyo sasa, kabla hamjaitwa popote. Baada ya wito kufika, kuondoa karatasi yoyote kunaweza kuhesabiwa kuwa kuharibu ushahidi, na hapo sitaweza kukushauri tena kwa njia hii ya wazi.